Siku Mtani Alipoupima Mgomba

Juzi fundi mmoja alikuja kumtengenezea jirani yangu jenereta, akamwaga petroli juu ya gunia la katani alilokuwa amelikalia. Harufu ikavuka ua, ikaingia jikoni kwangu, nikaacha mchicha umekatwa nusu na kukaa chini. Mwanangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ni babu yako anapita. Akanitazama kwa ile huruma ambayo watoto wa siku hizi wanatutazama nayo sisi, halafu akarudi kwenye simu yake.

Nyie mliokulia enzi zetu, enzi za kuanika betri za redio juu ya bati ili zipate nguvu ya taarifa ya habari, mtanielewa. Kila mtoto alikuwa na harufu ya baba yake. Baba wa rafiki yangu alinuka tumbaku mbichi, wa mwingine alinuka ng'ombe, maana Wasukuma walikuwa wameshafika kwetu na mifugo yao. Wangu alinuka petroli na gunia. Baba yangu alikuwa mtu wa ndege.

Nisije nikajidai kupita kiasi, hakuwa rubani. Rubani alikuwa Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu aliyekula karanga muda wote. Baba alikuwa mpakiaji. Ndege yenyewe ilikuwa ya mizigo, ya injini mbili, rangi imebanduka, na ilitua kwenye uwanja wetu wa Mpanda ambao siku hizo ulikuwa wa changarawe, mtu akiwa ameshatangulia kufukuza mbuzi. Kazi ya baba ilikuwa kupima kila kitu kinachoingia, kukipanga mahali pake, kukikaza kwa kamba, kisha kupanda na kusafiri nacho mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kinakoshushwa. Mzungu aliangalia mbele na baba aliangalia nyuma. Alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, mgomvi wa mambo madogo, na kipande cha chaki hakikukosekana nyuma ya sikio lake.

Ujuzi huo aliuanzia kwenye ghala la tumbaku akiwa kijana, na huko ndiko alikotoka na mizani yake ya ndoano, aliyoipenda kuliko baiskeli. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tukitoka misani, aliitundika kwenye boriti ya baraza letu pale Misunkumilo na kutupima familia nzima. Mimi na mdogo wangu tulifungwa kwenye kanga. Mama alikataa kila mwezi, na kila mwezi alipimwa. Baba mwenyewe alining'inia kwa mikono miwili, miguu ameikunja, akinipigia kelele nisome haraka kabla mikono haijachoka. Namba zote aliziandika nyuma ya mlango. "Ndege haimjui mtoto wa mtu," alikuwa akisema. "Inajua kilo tu." Aliwahi kumshusha mkubwa mmoja wa kampuni kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Alipima, akaona umezidi, akachora alama ya kukataa kwa chaki na kusema maneno ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiyaiga: "Mzigo huu haupandi." Mkubwa yule akachagua kubaki na ndizi zake.

Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita. Hilo nalijua leo. Wakati ule hakuna aliyeiita vita. Redio ilisema machafuko, halafu ikaweka muziki. Kampuni ilisema inapeleka unga na mablanketi. Mama aliniambia nikiulizwa shuleni baba yangu anafanya kazi gani, nijibu mkulima. Nikajibu mkulima, mwalimu akaandika mkulima, na darasa zima likageuka kunitazama kwa sababu asubuhi ile ile ndege ilikuwa imepita juu ya paa la shule na baba alikuwa ndani yake. Mtoto akiambiwa afiche kazi ya baba yake hutafuta sababu mwenyewe. Mimi nilitafuta, nikaona lazima kuna ubaya fulani.

Kisha kiangazi kimoja ndege iliondoka na haikurudi. Tulingoja siku tatu. Siku ya nne mama alijifunga kanga mbili akaenda uwanjani, akakuta kibao cha kampuni kimeng'olewa na bwana mmoja anafunga majalada kwenye boksi. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi lenye kalamu nne mfukoni. Nilikuwa nimeshika kanga ya mama, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mama, hakuna ndege iliyopotea," alisema. "Sisi hatuna ndege huko."

"Na mume wangu?"

"Labda alisafiri kwa shughuli zake."

Mama alimsogelea. "Alisafiri kwa shughuli zake akiwa na ovaroli yenu?" Bwana yule akaendelea kufunga boksi.

Habari tuliipata kwa mama mmoja aliyekuwa akileta migebuka mikavu, samaki wa ziwani, kutoka Karema. Alikuwa mteja wa maji ya kunywa pale kwetu, akifika anatua ungo na kupumzika. Safari hiyo hakutua hata ungo. "Dada," alimwambia mama, "nimeongea na wavuvi wa ng'ambo. Ndege yenu haikuanguka. Ilipigwa bawa, ikatua yenyewe. Wametolewa watu wawili, Mzungu na mtu wetu mweusi mwenye ovaroli ya bluu. Wako gerezani kwa wale wenye bunduki."

"Huyo mweusi yukoje?" mama aliuliza.

"Mfupi. Na wanasema alikuwa anagomba."

Mama alicheka na machozi yakamtoka hapo hapo. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo."

Sasa hapo ndipo akili yangu ilipochukua njia yake. Nilikuwa na miaka minane na gereza nilikuwa nalijua moja tu, la kwetu. Wafungwa wake waliletwa kufyeka majani pembeni mwa uwanja wa ndege, wamevaa nguo nyeupe zilizochakaa, na sisi watoto tulikuwa tukisimama mbali na kuwaimbia kwamba ni wezi. Kwangu mimi gerezani walikaa wezi, basi. Nikaunganisha mambo: kazi ya baba inafichwa, kampuni imemkana, na yeye yuko gerezani. Maana yake alikuwa amefungua masanduku ya watu. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama, kwa kuwa niliona mama naye anajikaza asijue.

Siku moja niliiba viazi vitamu vitatu vya kuchemsha jikoni, nikaenda uwanjani na kuanza kukagua nyuso za wafungwa mmoja mmoja. Mmoja wao, mzee kidogo, alisimamisha fyekeo.

"Unamtafuta nani, mdogo wangu?"

"Baba. Ni mfupi."

"Wafupi tuko wengi huku. Kaiba nini?"

"Sijui," nikasema, nikaanza kulia.

Mzee yule alipokea viazi, akavikata vipande na kuwagawia wenzake. "Akiletwa nitamwambia ulikuja," akasema. Askari magereza akapiga kelele, "We mtoto, toka hapo!" Nikakimbia. Tangu siku hiyo niliacha kuwaimbia wafungwa, na nilipokuwa nikimsikia mtu anataja jina la baba nilikuwa nainamisha kichwa. Nasema wazi kwamba nilimwonea baba yangu aibu kwa miezi mingi, na hilo bado linaniuma.

Mvua zilipokaribia, alikuja Baba Mkubwa kutoka Kabungu, kaka yake baba, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Nyuma yake alikuwepo yule bwana wa kalamu nne, safari hii akiwa na karatasi. Karatasi ilisema kwamba baba alizama ziwani akiwa kwenye mtumbwi, katika safari yake binafsi. Familia ikifanya msiba na kutia sahihi, kampuni kwa hisani yake ingetupatia bati za kuezekea nyumba. Baba Mkubwa hakuzitaka bati hizo. Kilichomnyima usingizi ni mdogo wake kukosa kaburi. Kwa mila za upande wa baba, Wakonongo, mtu aliyepotea bila mwili huzikwa mgomba badala yake. Shina linavikwa sanda, linalazwa kaburini, na watu wanalia mpaka tanga linaanuliwa. Mtu asipofanyiwa hivyo anahangaika, na wanawe wanahangaika naye.

"Shemeji, tumpumzishe," alimwambia mama.

"Na yule wa Karema aliyesema yuko hai?"

"Maneno ya sokoni hayo."

Mama alikuwa na jambo jingine kifuani. Padri wetu alikuwa amemwambia kwamba Kigoma kuna watu wanaoandika majina ya waliopotea vitani na kuyapeleka mpaka kwenye magereza ya huko ng'ambo, wakiuliza mtu kwa mtu. Ila wanamuulizia aliyepotea. Mwenye kaburi na karatasi ya kifo hawamuulizii. Kwa hiyo siku mgomba ule ungeingia ardhini, baba angekuwa amekwisha kweli, hata kama bado anapumua. Lakini mama alikuwa Mpimbwe aliyeolewa kwenye ukoo wa watu, na kwenye kikao cha wakwe zake hakuwa na sauti. Alitazama mlango wenye namba za chaki, kisha akakubali haraka mno.

"Sawa, shemeji. Ila tufanye kwa utaratibu wote. Mtani awepo."

"Bila mtani si msiba," alijibu Baba Mkubwa, akafurahi kwamba shemeji yake ana adabu.

Mtani wetu alikuwa Katepa, Mfipa, fundi baiskeli wa pale mtaani, mrefu kama mlingoti. Sisi na Wafipa ni watani, na wenye kujua mambo hayo wanajua mtani ana mamlaka gani msibani. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo na sauti yake, anazuia jeneza, anakaa ndani ya kaburi akitaka, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Anayefunga msiba ni yeye, na akikataa hakuna cha kufanya.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Shimo lilikuwa limechimbwa pembeni mwa ua. Mgomba ulikuwa umelazwa barazani juu ya mkeka, umevikwa sanda nyeupe, na wanawake wa mtaa walikuwa wameuzunguka wakilia. Bwana wa kampuni alikaa kwenye stuli, karatasi iko mapajani. Mimi peke yangu sikuwa nalia. Niliona watu wazima wote wamekubaliana kumzika mwizi ili mtaa usijue, nikaona aibu kwa niaba yao.

Ndipo Katepa akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu ya baba, ile ya akiba, imemwishia kwenye magoti. Chaki iko nyuma ya sikio, mizani iko begani. Alitembea kwa hatua zile fupi za haraka, akautupia ua macho na kufoka kwa sauti ya baba kabisa:

"Nani kapanga mzigo huu? Nauliza, nani?"

Wanawake waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi bado yanawatoka. Katepa alimshika mkono mwanamke mnene kuliko wote akamhamishia katikati. "Wewe hapa, usitikisike." Akamgeukia Baba Mkubwa. "Na wewe mzee nenda mbele, mkia utazama!" Baba Mkubwa akanyanyuka na kiti chake akaenda mbele, kwa sababu mtani habishiwi. Katepa aliwapanga waombolezaji wote, wazito na wepesi, mpaka ua wetu ukawa ndege. Watu waliziba midomo kwa kanga. Ni kama baba alikuwa amesimama pale.

Kisha akaufikia mgomba.

"Na huu?"

"Ni Maganga," alijibu Baba Mkubwa, kama mila inavyotaka, akimtaja baba kwa jina.

"Maganga? Kapimwa?"

Katepa alitundika mizani kwenye boriti, akawaita vijana wawili wakaunyanyua mgomba na sanda yake, akaupachika kwenye ndoano. Halafu akanitafuta mimi.

"Kalunde, mtani wangu, njoo usome. Macho yangu ya Kifipa hayaoni namba ndogo."

Nilikwenda, nikainua macho kwenye namba. "Kumi na nne," nikasema.

"Kwa nguvu! Injini inanguruma!"

"Kilo kumi na nne!"

"Na Maganga ni kilo ngapi?"

Sikuhitaji kutazama nyuma ya mlango. "Sabini na moja."

Katepa alitoa chaki sikioni, akachora juu ya sanda alama ile ile ya kukataa. "Mzigo huu haupandi," alisema. "Tumeambiwa kilo sabini na moja, naona kumi na nne. Kilo hamsini na saba ziko wapi? Nani kaiba?"

Neno hilo lilinichoma. Yale niliyoyabeba kwa miezi yote yakanitoka mbele za watu. "Hakuna aliyemwibia!" nikapiga kelele. "Baba ndiye mwizi! Hajafa, yuko gerezani!"

Kicheko kilikatika. Nilimwona mama ameweka mkono mdomoni. Bwana wa kampuni akasimama, akakohoa. "Wazee, mimi nina safari. Tumalize shughuli."

Katepa akamgeukia taratibu, bado ni baba. "Na wewe bwana una kilo ngapi? Njoo upande hapa." Akamsogezea ndoano. Mtu mmoja alicheka, kisha ua mzima. Bwana yule alikunja karatasi yake akaelekea kwenye pikipiki bila kuaga.

Baba Mkubwa alikuwa bado hajakata tamaa. Alileta kuku, kama inavyofanywa kumlainisha mtani. Katepa alimtazama kuku. "Hata huyu hajapimwa," alisema, lakini safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, na aliiweka chini ile chaki. "Kaka, nimezika watu wengi wa ukoo wenu na wote nimewatania. Huyu simwezi. Maganga ndiye wa kunitania mimi siku yangu. Nikimfukia leo na yuko hai, nani atanivalia nguo zangu?"

Baba Mkubwa alikaa chini kwenye vumbi akalia kama mtoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwanaume mzima analia hivyo. Alipomaliza alijifuta kwa kofia yake. "Fukieni shimo," aliwaambia vijana. "Shemeji, kesho tunakwenda Kigoma. Mimi na wewe."

Chakula cha msiba kilikuwa kimeshapikwa, kwa hiyo kililiwa, na kililiwa kwa furaha. Mama alinivuta nyuma ya nyumba. Nilingoja kofi.

"Nani kakwambia baba yako mwizi?"

Nikamsimulia yote, wafungwa wa uwanjani na viazi. Mama alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "Baba yako hajaiba hata msumari. Ndege yao imetua katikati ya vita ya watu, wakamshika yeye na Mzungu. Kule anayeshikwa vitani wanamfunga, hata kama hana kosa."

"Basi kwa nini tunaficha?"

Alinifuta vumbi usoni kwa pembe ya kanga. "Hatufichi tena," alisema. "Kesho mwambie mwalimu wako."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza Katepa kama mama ndiye aliyemwomba akatae. Alikataa kabisa. Alisema mama alikwenda kwake siku moja kabla na beseni la mchele wa kwao Mpimbwe, ovaroli na mizani, akamwambia neno moja tu: amwige Maganga kweli kweli, asipunguze kitu. Nikimkumbuka mama huwa naanzia hapo.

Kigoma waliandika jina la baba, na kwenye kazi wakaandika mpakiaji wa ndege, raia. Mvua zilinyesha, tukalima, tukapalilia, tukavuna. Halafu ikaja karatasi ndogo iliyopita mikono mingi. Mwandiko ulikuwa wake. "Nipo mzima. Watoto wapimwe kila mwezi." Mama aliisoma mara nyingi mpaka ikalainika kama kitambaa, na Jumapili ile alipimwa bila kukataa.

Baba alirudi kwa treni. Mtaa mzima ulikwenda stesheni. Alishuka kwenye behewa la tatu akiwa na mfuko wa nailoni na shati la kupewa, mashavu yameingia ndani, nikamtambua kwa mwendo. Katepa alimfikia kabla ya mama. "Mpumbavu wewe," alimwambia huku amemkumbatia. "Umechelewa msiba wako."

Mambo ya huko aliyasimulia kidogo kidogo, tena akiwa anafanya kazi nyingine, akipukuchua mahindi au akiziba tairi. Alisema njaa ilikuwa mbaya kuliko viboko. Alisema mara tatu walimletea karatasi na kinasa sauti, asome kwamba yeye ni askari aliyetumwa na serikali yake. Angesoma angepewa godoro, na pengine angefunguliwa. Mara tatu aliwajibu kwamba yeye ni mpakiaji. Mzungu alitoka mapema kwa sababu nchi yake ilimuulizia. Baba alibaki peke yake, akiambiwa kila siku kwamba hana mtu, kwamba hata waliomwajiri wamesema hawamjui. Aliyaamini karibu yote hayo mpaka asubuhi moja mgeni aliposimama mlangoni na orodha akasoma jina lake.

Hajamaliza hata mwezi nyumbani, pikipiki ilisimama nje. Yule bwana. Kalamu zilikuwa zimebaki tatu. Baba alikuwa barazani anashona viatu vyangu vya shule, mama anapepeta mchele. Bwana alikaribishwa, akakaa, akatoa pole nyingi, kisha akatoa karatasi.

"Kalunde, isome," baba aliniambia. "Macho yangu bado hayajarudi."

Nikaisoma kwa sauti. Ilisema yeye, Maganga, anathibitisha kwamba hakuwahi kuajiriwa na kampuni wala kusafiri na ndege yoyote kwenda ng'ambo ya ziwa, na kwamba hana madai.

"Ni maneno tu, mzee," alisema bwana. "Wakubwa wanataka mambo yatulie. Ukitia sahihi, wiki ijayo unarudi kazini. Kuna ndege mpya."

Nilimtazama mama. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Mchele aliokuwa anapepeta ulikuwa wa mwisho, na sote watatu tulikuwa tunalijua hilo. Baba aliendelea na uzi mpaka akakaza fundo, kisha akaweka kiatu chini.

"Kule walitaka niseme mimi ni askari," alisema. "Nyie mnataka niseme sikuwepo. Mimi nilikuwepo, bwana. Nilipakia kwa mikono hii. Unga niliupakia, mablanketi niliyapakia, na yale masanduku mliyoyaandika sabuni niliyapakia pia. Nilikuwa naujua uzito wa sabuni, na ule haukuwa wa sabuni. Nikakaa kimya, na hilo kosa ni langu. Akija mwenye haki ya kuniuliza nitamjibu yote. Hiyo karatasi sitii sahihi."

"Utakula nini?" bwana aliuliza, na nadhani aliuliza kwa huruma kweli.

Baba aliokota kiatu cha pili. Bwana aliikunja karatasi, akaondoka, na tuliisikiliza pikipiki mpaka ikapotea kwenye barabara ya mjini.

"Baba Kalunde," mama alimwita.

"Naam."

"Majembe yako mawili tu. La tatu lina mpini mbovu."

"Nitalitia mpini."

Mama akaendelea kupepeta mchele.